Maumivu sugu ya kiuno: jinsi ya kuyadhibiti bila kupasuliwa, hatua kwa hatua

Kiuno kinachouma siku chache baada ya kuinua mzigo mara nyingi hupoa chenyewe. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kiuno chake kimeuma kwa zaidi ya miezi 3, muda ambao matabibu huanza kuyaita maumivu sugu. Ameshakunywa vidonge, ameshachomwa sindano, ameshapaka kila alichoelekezwa, ameshalala kutwa nzima akingoja yaishe, na sasa ameanza kusikia habari za upasuaji.

Kwa walio wengi katika kundi hili upasuaji hauhitajiki, na hata ukifanyika hausaidii sana. Kati ya wagonjwa 10 wa kiuno, kama 9 hivi hawana jeraha wala ugonjwa mmoja ambao daktari anaweza kuuonyesha kwa kidole akasema ndio huu unaouma, na kisu kinataka pa kukata. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kutibu maumivu sugu ya kiuno bila upasuaji. Yanayopendekezwa humo ni elimu, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono, tiba ya kisaikolojia na dawa za kutuliza uvimbe. Orodha hiyo wagonjwa wengi wameshaisikia. Wanachokosa ni dozi: uanze na mwendo kiasi gani, uongeze lini, ufanye nini siku mgongo ukikugomea. Huko ndiko nitakakokaa zaidi. Kwingine nitapita haraka.

Hatua ya 1: Jikague kwanza

Kuna dalili ambazo hazisubiri zoezi wala ushauri wa mtu yeyote mtandaoni. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, ukipata ganzi sehemu za siri, makalioni au mapajani kwa ndani. Mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila wewe kujua. Ukishindwa kuzuia haja kubwa. Au miguu yote miwili ikianza kuishiwa nguvu. Hizo ni dalili za kubanwa kwa fungu la mishipa ya fahamu iliyo chini ya uti wa mgongo. Hapo upasuaji wa haraka ndio unaookoa, na kila saa inayopita ina gharama.

Nyingine zinataka daktari ndani ya siku chache: homa, jasho jingi la usiku, kukonda bila sababu, historia ya saratani, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali, kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, kinga ya mwili iliyoshuka, au maumivu ya usiku yasiyobadilika hata ulale upande gani. Kifua kikuu huweza kushambulia pingili za mgongo bila mtu kukohoa hata kidogo, kwa hiyo homa na kukonda pamoja na mgongo unaouma visichukuliwe kirahisi. Vilevile mguu mmoja unaozidi kudhoofika, kwa mfano unyayo unaoanza kuburuta ukitembea, usiufanyie subira.

Kundi moja husahaulika sana. Ni vijana na watu wa makamo ambao mgongo wao ulianza kuuma taratibu kabla ya umri wa miaka 45, asubuhi hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa, hulegea wakitembea na huuma zaidi wakipumzika. Hali hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo vya uti wa mgongo. Una dawa zake mahususi, na huweza kuchukua miaka kabla ya kutambuliwa kwa sababu kila mtu hudhani ni uchovu. Ukijiona humo, mweleze daktari kwa maneno hayohayo.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, endelea.

Hatua ya 2: Isome picha kwa utulivu

Mgonjwa akishapigwa MRI, picha ya ndani ya mwili inayoonyesha mgongo, hurudi nyumbani na karatasi yenye maneno ya kutisha: diski (mto laini ulio kati ya pingili) imechakaa, diski imetuna, pingili zimesagika. Kuanzia siku hiyo huanza kutembea kwa tahadhari, na tahadhari hiyo yenyewe humkakamaza.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya picha za watu ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Diski zilizotuna zilionekana kwa asilimia 30 ya wale wa miaka 20 na asilimia 84 ya wale wa miaka 80. Watu hao walikuwa hawaumwi. Mabadiliko mengi yanayoandikwa kwenye ripoti ni ya umri, sawa na mvi. Hata diski iliyochomoza na kugusa mshipa wa fahamu mara nyingi husinyaa yenyewe kadiri miezi inavyopita, kwa sababu mwili hukimeza kile kipande kidogokidogo.

Picha ina thamani inapokubaliana na mwili. Muulize daktari au mtaalamu wa fiziotherapia maswali mawili: kilichoonekana kiko upande uleule unaouma? Na mshipa unaodaiwa kubanwa ndio unaohudumia sehemu ya mguu yenye ganzi au maumivu? Jibu likiwa hapana, iweke karatasi kabatini. Na kama hujapiga picha na huna dalili za hatua ya kwanza, huna ulazima wa kuikimbilia.

Basi kwa nini kiuno kinaendelea kuuma ikiwa hakuna kilichovunjika? Maumivu yakidumu, mfumo wa fahamu huzidi kuwa mwepesi wa kushtuka. Mwendo uliokuwa wa kawaida sasa huchukuliwa kuwa hatari, na misuli hukaza kabla hata hujainama. Kukosa usingizi, hofu na msongo huongeza wepesi huo. Haina maana kwamba maumivu ni ya kubuni. Unaumwa kweli, ila ukali wa maumivu hauonyeshi tena ukubwa wa jeraha. Ukilielewa hili, sehemu inayofuata itakuwa na maana. Bila hilo, kila zoezi litaonekana kama kujiumiza.

Hatua ya 3: Tafuta kipimo chako cha kuanzia

Chukua daftari. Kwa wiki moja pima mambo matatu tu: dakika unazoweza kukaa, kusimama na kutembea kabla maumivu hayajaanza kupanda. Usijikaze ufike mwisho wa uwezo. Andika dakika ambayo maumivu yameanza kuongezeka, kisha acha.

Tuseme kutembea kumekupa dakika 12, siku nyingine 18, nyingine 15. Wastani ni 15. Punguza sehemu moja ya tano, zinabaki 12. Hizo 12 ndizo dozi yako ya kuanzia, na zina sharti moja gumu: unatembea dakika 12 siku mbaya, na unatembea dakika 12 siku nzuri.

Siku nzuri ndiyo inayowaponza wengi. Mtu ameamka mwepesi, anafua nguo zote za wiki, anahamisha kabati, anapiga deki nyumba nzima kwa sababu leo mgongo umeruhusu. Kesho yake hainuki, analala siku tatu, misuli inalegea, na kila mzunguko unamwacha na uwezo mdogo kuliko ule uliotangulia. Saa ndiyo ikuambie uache. Ukisubiri maumivu yakuambie, utakuwa umeshachelewa. Kazi kubwa za nyumbani nazo zikatwe vipande: dakika 15 za kufua, dakika 10 za kitu kingine cha mkao tofauti, ndipo urudi.

Ongeza kila wiki dakika moja au mbili, isizidi kama asilimia 10 hadi 15 ya ulipo. Inaonekana kidogo, lakini aliyeanza na 12 hufika 30 ndani ya miezi michache, na 30 mara tano kwa wiki ni lengo zuri. Australia walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kwa watu wazima 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea kwa kuongeza taratibu, pamoja na elimu, walikaa kwa wastani siku 208 kabla maumivu hayajarudi; ambao hawakupewa walikaa siku 112. Kutembea tu, bila mashine yoyote.

Utajuaje kama umezidisha? Jipe alama kuanzia 0 hadi 10. Maumivu yakipanda hadi 3 au 4 wakati wa zoezi na kesho asubuhi yakawa yamerudi ulipozoea, uko salama, endelea. Yakibaki juu hadi kesho, rudi kwenye dozi ya wiki iliyopita. Usiache kabisa.

Kwa wenye maumivu yanayoshuka mguuni, angalia yanaelekea wapi kuliko yalivyo makali. Mwendo unaoyarudisha kutoka kwenye shavu la mguu kwenda pajani, na kutoka pajani kwenda kiunoni, ni mwendo mzuri kwako, hata kama kiuno chenyewe kitauma zaidi kidogo kwa muda. Unaoyasukuma chini kuelekea unyayoni uache kwanza.

Hatua ya 4: Mazoezi ya kuupa mgongo nguvu

Hakuna zoezi moja lililothibitika kushinda mengine yote. Kuogelea, yoga, pilate, kunyanyua vyuma kwa mpangilio, yote husaidia. Zoezi bora kwako ni lile utakalokuwa bado unalifanya baada ya mwaka. Kwa kuanzia napenda matatu yaliyoenezwa na Stuart McGill, mtafiti wa mgongo wa Canada, kwa sababu yanaikaza misuli ya kiunoni bila kuikunjakunja sana, na yanatosha kwenye mkeka.

La kwanza, piga magoti, viganja sakafuni chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Mwombe mtu akuwekee kitabu bapa juu ya kiuno. Kaza tumbo kidogo, kiasi ambacho bado unaweza kuongea na kupumua. Sasa nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele. Kisigino kisukume mbali, kisiinuke juu; ukikiinua juu, kiuno kinabonyea na kitabu kinateleza. Kitabu kikianguka, usinyooshe mkono, nyoosha mguu peke yake. Kikianguka tena, telezesha vidole vya mguu sakafuni bila kuinua. Shikilia sekunde 8 hadi 10, shusha, rudia. Fanya mara 5, kisha upande wa pili. Baadaye pumzika kidogo ufanye mara 3, halafu mara 1. Idadi hiyo inayopungua inakuwezesha kumaliza kabla hujachoka ukaharibu mkao.

La pili ni la ubavuni. Lala ubavu, jiegemeze kwenye kiwiko na goti, inua nyonga hadi mwili unyooke kuanzia begani hadi gotini. Ukizoea, badala ya goti tumia nyayo.

La tatu, lala chali, goti moja limekunjwa, mguu mwingine umenyooka, viganja chini ya kiuno. Inua kichwa na mabega kidogo tu, kiasi cha karatasi kupita, bila kukibonyeza kiuno kwenye viganja. Watu wengi huinuka mno. Hilo si zoezi la kuinuka.

Baada ya wiki chache ongeza kuinua makalio ukiwa chali na magoti yamekunjwa. Misuli ya makalio ikiwa dhaifu, kiuno hubeba kazi isiyo yake.

Usifanye mazoezi ya kuinama mara tu unapoamka. Usiku diski hufyonza maji na kuvimba, na asubuhi huwa ngumu. Utafiti wa mwaka 1998 uliowataka wagonjwa waepuke kuinama mapema asubuhi ulionyesha maumivu yao yakipungua. Tembea kwanza ndani ya nyumba, nawa uso, vaa viatu ukiwa umekaa, ndipo uanze.

Hatua ya 5: Jifunze upya kuinama na kuinua

Tafuta fimbo iliyonyooka, hata mpini wa ufagio. Iweke mgongoni ikigusa sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na juu kidogo ya makalio. Legeza magoti kidogo, kisha sukuma makalio nyuma huku kifua kikienda mbele. Fimbo isiache kugusa sehemu hata moja. Ikiachia kisogo, umeinamisha kichwa. Ikiachia chini, umekunja kiuno badala ya nyonga. Fanya mara 10 kila siku hadi mwili uzoee, halafu uitumie kwenye mambo halisi: kupiga mswaki, kuokota kiatu, kuinua ndoo.

Mzigo uwe karibu na tumbo. Kilo 5 ulizozinyoosha mbele kwa mikono hulemea kiuno kuliko uzito mkubwa zaidi uliokumbatiwa. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya watu hawaambiwi. Mbinu hii ni ya kipindi cha kuanza na ya mizigo mizito. Usiishi maisha yako yote na mgongo ulionyooka kama ubao. Mgongo umeumbwa ukunjike, na asiyeukunja kabisa huusahaulisha kazi yake. Maumivu yakishatulia, rudisha taratibu kuinama kwa kawaida, bila mzigo kwanza, kwa kutumia dozi ileile ya daftari.

Hatua ya 6: Kukaa, kulala na mkanda

Hakuna mkao mmoja sahihi wa kukaa. Kinachoudhi mgongo ni kubaki mkao mmoja kwa muda mrefu, hata uwe mzuri vipi. Simama au badilisha kila baada ya nusu saa.

Godoro gumu kama sakafu nalo halina faida ambayo watu wanaliaminia. Jaribio la Hispania lililochapishwa mwaka 2003 kwa wagonjwa 313 lilionyesha kwamba godoro la ugumu wa kati liliwafaa zaidi kuliko gumu. Ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti. Ukilala chali, uweke chini ya magoti. Kuamka, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mkono.

Mkanda wa kiuno na tiba ya kuvuta uti wa mgongo ni miongoni mwa mambo ambayo WHO haiyapendekezi kama tiba ya kawaida. Mkanda hukupa faraja, lakini ukiuzoea huondoki bila huo.

Hatua ya 7: Dawa na tiba za mikono

Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao husaidia baadhi ya watu kwa kiasi. Zitumie kwa dozi ndogo inayotosha, kwa siku chache, baada ya kula, na lengo liwe kukuwezesha kufanya mazoezi. Kazi ya zoezi haziifanyi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, shinikizo la juu la damu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mjamzito, asizimeze kabla ya kuongea na daktari. Kumeza diklofenaki kila siku kwa miezi bila kupimwa figo ni hatari, na ni jambo linalofanyika mno. Parasetamoli ni salama zaidi ukifuata maelekezo, lakini kwa maumivu ya kiuno msaada wake ni mdogo. Dawa za jamii ya morfini, ikiwemo tramadoli, hazipendekezwi kwa maumivu haya sugu: faida ni ndogo na uraibu ni wa kweli.

Kukandwa misuli na kunyooshwa na mtaalamu mwenye sifa kunaweza kukulegeza kwa muda. Tumia muda huo wa nafuu kuongeza mazoezi. Mtaalamu anayekutaka urudi kila wiki bila kukupa zoezi la nyumbani hakusaidii sana. Kitambaa cha moto kwa dakika 15 hadi 20, kikiwa na kitambaa kingine katikati ili usiungue, ni msaada mdogo lakini wa kuaminika.

Hatua ya 8: Hofu na usingizi

Andika mambo 10 ambayo umeacha kuyafanya kwa kuogopa mgongo, kisha yapange kuanzia la hofu ndogo hadi kubwa. Pengine la kwanza ni kufunga kamba za viatu, la kumi ni kumbeba mtoto. Anza na la kwanza. Lifanye kila siku hadi likuchoshe kwa mazoea, ndipo uende la pili. Kila ukilifanya na kesho ukaamka salama, ubongo unapata ushahidi ambao hakuna daktari anayeweza kukupa kwa maneno. Hofu ikikulemea, au umepoteza hamu ya kila kitu, mwone mshauri wa kisaikolojia. Ni tiba ya mgongo kama zilivyo nyingine, na haina maana kwamba umeambiwa huumwi.

Usiku mbaya hufuatwa na siku yenye maumivu zaidi. Lala na kuamka saa zilezile, punguza usingizi wa mchana. Anayevuta sigara ana sababu moja zaidi ya kuacha, maana wavutaji huumwa mgongo zaidi ya wasiovuta.

Hatua ya 9: Siku maumivu yakilipuka

Yatalipuka. Andika mpango wako sasa, ukiwa na utulivu, uubandike ukutani. Siku ya kwanza: kagua dalili za hatua ya 1. Kama hazipo, tumia joto, dawa kama zinakufaa, na lala kwa vipindi vifupi vya nusu saa tu, ukikatiza kwa kutembea dakika 3 hadi 5. Siku ya pili na ya tatu: nusu ya dozi yako ya kawaida ya kutembea, na zoezi lile la magotini bila kunyoosha mkono. Kuanzia siku ya nne panda taratibu. Wengi hurudi walipokuwa ndani ya wiki moja au mbili. Usianze kutafuta picha mpya kwa sababu ya mlipuko unaofanana na uliotangulia.

Ni wakati gani basi upasuaji uzungumzwe?

Jipe miezi 3 ya kufuata mpango huu kwa uaminifu kabla ya kuamua kwamba umeshindikana. Nje ya dharura, upasuaji huwa na hoja nzuri pale maumivu ya mguu yanapozidi ya kiuno na hayajapungua baada ya wiki 6 hadi 12, picha ikikubaliana nayo; au pale njia ya uti wa mgongo ilipokuwa nyembamba kiasi kwamba mtu hawezi kutembea mwendo mfupi bila kukaa au kuinama mbele. Kwa kiuno kinachouma peke yake, bila mguu, hoja ni dhaifu zaidi. Ukifika mbele ya daktari wa upasuaji, nenda na daftari lako na umuulize: unarekebisha kitu gani hasa, na kinaonekana wapi kwenye picha yangu? Unatarajia mguu upone au kiuno? Nisipopasuliwa, baada ya mwaka nitakuwaje? Na baada ya upasuaji, nani atanisimamia mazoezi, na kwa muda gani?